Njaa ya Wazee Mlangoni mwa Uwanja

Mashirika ya hisani yanayoshughulikia njaa ya wazee hupenda siku za michezo mikubwa kwa sababu njaa ya aina hii haionekani na mpita njia. Mtoto mwenye utapiamlo hupimwa kliniki kila mwezi na kadi yake huonyesha mstari unaoshuka. Ukame hutangazwa redioni. Mzee anayekula mlo mmoja kwa siku ndani ya chumba chake hana kadi wala kliniki ya kupimwa uzito, na mara nyingi hasemi. Fainali ya kombe, mbio ndefu za barabarani au mechi ya watani wa jadi hukusanya kwa saa chache umati ambao mkutano wa hadhara hauwezi kuupata, tena pamoja na kamera, watangazaji na wadhamini. Shirika huyaazima macho hayo kwa siku moja. Kazi ngumu ni kuyafanya yaliyoonekana siku hiyo yadumu hadi mwezi ambao mzee hana unga.

Tanzania, kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, humhesabu mtu kuwa mzee anapofikisha miaka 60. Kuanzia umri huo mwili huanza kuidai sahani mambo mapya. Misuli hupungua kila mwaka hata kwa mtu mwenye afya. Ulimi na pua hupoteza ukali, hamu ya kula hushuka, na kiu huchelewa kuja hata pale mwili unapohitaji maji. Meno yakishang'oka, mahindi ya kuchoma, nyama na karanga nzima hugeuka kuwa vyakula vya kutazama. Jumla ya chakula anachohitaji mzee huwa chini ya ile ya kijana anayelima, lakini haja ya protini haipungui. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wataalamu wengi wa lishe humpendekezea mzee gramu 1.0 hadi 1.2.

Ndiyo maana ugali wa sembe na mlenda unaweza kumshibisha mzee kila siku na bado akakonda. Anakula, hata jirani anaona moshi ukipanda jikoni, lakini misuli inaliwa na mwili wenyewe. Miguu inalegea. Anaanguka akienda chooni usiku, na mfupa wa nyonga ukivunjika hatoki tena ndani. Kuna pia suala la dawa. Mgonjwa wa kisukari au presha aliyeambiwa ameze vidonge baada ya kula huamua mwenyewe kuviacha siku ambayo hakuna cha kula, na akifikishwa hospitali huandikwa kuwa ameugua kisukari au kiharusi. Njaa haitajwi popote.

Makanyagio, kata ya mjini katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, inafaa kuitazama kwa makini, kwa kuwa hapo njaa haiwezi kusingiziwa ukame. Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, umo katika kundi la mikoa inayolisha nchi, pamoja na Rukwa, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Ruvuma. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Mpanda, na msimu wa mavuno malori ya mahindi hupishana barabarani. Chakula kipo. Ila kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anataka fedha taslimu.

Mzee wa mjini mara nyingi hana shamba analoweza kulifikia. Mashamba ya mahindi na mpunga yako pembezoni, upande wa Kakese, Mwamkulu na kwingineko, na mwenye magoti mabovu hawezi kwenda na kurudi. Akiwa na kishamba, hukikodisha au humwachia kijana alime kwa kugawana mavuno. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kwa hiyo mavuno ni mamoja kwa mwaka. Mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai, na wakati huo huo madeni ya pembejeo, ada za shule na harusi zilizoahirishwa hudai malipo. Kaya huuza upesi, bei ikiwa chini kabisa. Baadhi huwa wamekwisha kuwauzia walanguzi mazao yakiwa bado shambani. Ifikapo Januari, waliouza kwa gunia wananunua kwa kisado, kwa bei iliyopanda, na huo ndio msimu ambao vijana wako shambani kutwa na mzee anabaki nyumbani na wajukuu. Hapo hufanya kile ambacho wazee wa kila mahali hufanya: huwapa watoto kwanza, kisha hudai kwamba ameshiba.

Wingi wa watu nao umewafunika wazee. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Katavi; ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa uliongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi, hasa kwa wakulima na wafugaji waliohamia kutafuta ardhi. Palipojaa vijana na watoto kiasi hicho, mipango yote huelekea shuleni, kwenye wodi za wazazi na barabarani, na ni vigumu kuilaumu halmashauri kwa hilo. Lakini mzee aliyehamia na mwanawe kutoka mkoa mwingine huwa ameacha nyuma ukoo, majirani wa miaka 40 na deni la fadhila ambalo angelipwa uzeeni. Mwana akihama tena, kwenda machimboni au kwenye tumbaku, mzee hubaki katika mtaa usiomjua. Fedha zikitumwa kwa simu humfikia kupitia mjukuu au wakala anayejua namba yake ya siri, na si kila mara zinafika zote.

Nyuma ya haya kuna kizazi ambacho hakikuwekewa akiba. Mpanda ilikua kwa tawi la reli kutoka Kaliua, lililojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, kisha kwa kilimo, biashara ndogo na vibarua. Pensheni ya mifuko ya hifadhi ya jamii huwalinda waliokuwa na ajira rasmi. Mkulima, mama lishe, mchoma mkaa na mpakia mizigo stesheni hawakukatwa chochote, kwa hiyo hawana cha kudai.

Wazo la kuiunganisha siku ya mchezo na sahani tupu lilipata umaarufu Marekani. Mwaka 1990, vijana wa kanisa moja la Columbia, South Carolina, walisimama milangoni na masufuria siku ya Super Bowl, fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani, wakiomba kila muumini atoe dola moja kwa ajili ya wenye njaa. Makanisa 22 ya mji huo yalishiriki na zikapatikana dola 5,700. Kampeni hiyo, iliyoitwa Souper Bowl of Caring kwa kuchezea jina la fainali na neno la supu, ilisambaa nchi nzima. Wapishi nao walianzisha Taste of the NFL mwaka 1992, karamu ya mkesha wa fainali hiyo hiyo ambayo tiketi zake huchangia vita dhidi ya njaa. Nchi yenye chakula cha kutupa ina wazee zaidi ya milioni 5 wasio na uhakika wa mlo, na siku ambayo familia hujaza meza kwa vitafunwa mbele ya televisheni ndiyo iliyochaguliwa makusudi kuwakumbusha.

Mfano wa Liverpool, Uingereza, unawagusa zaidi washabiki wa Afrika Mashariki. Mwaka 2015 mashabiki wa Everton na wa Liverpool, watani wa jadi wa mji mmoja, waliungana kuanzisha Fans Supporting Foodbanks. Siku za mechi huweka kituo nje ya uwanja na kila anayepita huacha chochote: kopo la maharage, pakiti ya tambi, maziwa. Ujumbe wao ni kwamba njaa haina jezi. Nguvu ya mpango huo haikutoka kwenye klabu wala kwa wadhamini. Ilitoka kwa watu wanaokwenda uwanjani kila wiki mbili na wanaojuana kwa sura, kwa hiyo mchango ukawa sehemu ya mazoea ya kwenda mpirani kama kununua karanga.

Tanzania ina jina lililo tayari kwa kazi hiyo. Msimu wa Ligi Kuu hufunguliwa kwa Ngao ya Jamii, na mfano wake ni mchezo wa Uingereza ulioanza mwaka 1908 ukiitwa Ngao ya Hisani. Waingereza waliacha jina hilo mwaka 2002, baada ya tume inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo kukikosoa chama cha mpira kwa kutobainisha ni kiasi gani cha fedha za tiketi kilikwenda kwa wahitaji na kwa kuchelewesha malipo. Kisa hicho kingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayopanga mechi ya hisani. Neno hisani kwenye bango halimlishi mtu, na mnunuzi wa tiketi ana haki ya kujua kabla ya kuingia ni shilingi ngapi katika kila elfu zitatoka uwanjani kwenda kwa walengwa.

Michezo ya hisani si migeni Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2002 changamoto ya kupanda Kilimanjaro inayoandaliwa na mgodi wa dhahabu wa Geita pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI imekuwa ikichangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Mbio za Standard Chartered za Nairobi, zilizoanza mwaka 2003, zilijengwa juu ya vita dhidi ya upofu. Mbio za benki ya CRDB, zilizoanza mwaka 2020, zilianza na upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza mwaka 2019, huambatana na uchangiaji damu na ziara kwa wahitaji. Ukiitazama orodha hii, wazee wamo kwa nadra, na wakiwamo huwa ni ziara ya asubuhi moja katika makazi ya wazee wasiojiweza. Makazi hayo, kama Ipuli ya Tabora, Kolandoto ya Shinyanga au Sebleni ya Unguja, yanastahili kutembelewa. Lakini wanaoishi humo ni wachache mno wakilinganishwa na wazee walioko majumbani, nao walau wana sufuria linalopikwa kila siku.

Pengine sababu ni kwamba mtoto mgonjwa humtoa mtu machozi haraka kuliko bibi mkimya. Afrika Kusini ilipata jibu zuri la tatizo hilo. Mwaka 2007, katika jimbo la Limpopo, Beka Ntsanwisi alianzisha Vakhegula Vakhegula, timu ya soka ya wanawake wazee, nia ya kwanza ikiwa ni kuwaondolea magonjwa ya kukaa bure. Kombe la Dunia lilipofika nchini humo mwaka 2010, dunia nzima ilikuwa ikitafuta habari za soka, na mabibi wa Limpopo wakawa habari. Mwezi Julai mwaka huo walisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kucheza katika mashindano ya maveterani. Hakuna aliyewaonea huruma, watu waliwashangilia.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mechi nyingi za hisani huwa na dakika ambapo wazee watano huitwa katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, wakakabidhiwa mfuko wa unga na kuzungushiwa skafu ya mdhamini mbele ya kamera. Mfuko huo una kilo tano. Picha itatumika mwaka mzima. Kwa mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa kuna hatari ya ziada. Huko wanawake wazee wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Bibi anayeishi peke yake, ambaye jana hakuwa na kitu na leo ameletewa magunia kwa gari lenye matangazo, anaweza kuzua maneno mtaani. Msaada unaofika kimya kimya kupitia watu wa mtaa wenyewe ni salama zaidi, hata kama hautoi picha.

Kalenda ndiyo sehemu ambayo waandaaji huisahau, na kwa Mpanda kalenda ni karibu kila kitu. Fainali mbili za Kombe la Shirikisho la Tanzania zimechezwa katika mikoa inayopakana na Katavi. Tarehe 2 Agosti 2020 Simba iliifunga Namungo mabao 2-1 kwenye uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga zilikutana kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, na Simba ikashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Mpanda iko kati ya miji hiyo miwili. Tarehe zote mbili zinaangukia baada tu ya mavuno, wakati mahindi ni mengi na bei iko chini. Ngao ya Jamii nayo kwa kawaida huchezwa Agosti. Kwa hiyo mchango wa shilingi siku ya mchezo mkubwa hununua mahindi mengi kuliko wakati mwingine wowote, lakini mwezi huo huo ndio ambao mzee ana uwezekano mkubwa wa kuwa na chakula. Kugawa unga Agosti kunapendeza na hakusaidii sana. Njaa inasubiri Januari, Februari na Machi.

Jawabu ni ghala dogo. Kwa kipimo cha gramu 400 za mahindi kwa siku, mtu mmoja hutumia kilo 36 katika miezi hiyo mitatu, kwa hiyo gunia la kilo 100 hutosha karibu watu watatu. Hesabu hiyo lazima iongezwe pale mzee anapolea wajukuu, kwa maana hatakula peke yake, na mpango unaojifanya kuwa atakula peke yake unajidanganya. Adui mkubwa wa ghala la namna hii ni dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kugunduliwa kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako wakulima walimpachika jina la Scania kwa jinsi alivyofagia. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, yakifungwa katika mifuko ya kinga njaa yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, hukaa miezi mingi bila dawa: oksijeni ya ndani huisha na wadudu hufa.

Mahindi peke yake yanarudisha tatizo la protini. Maharage yanafaa, ila yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima huwa magumu na hula mkaa kuliko thamani yake. Mzee anayenunua mkaa kwa kopo atayauza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Rukwa waliokaushwa na kusagwa unga humfaa asiye na meno, na unga wa karanga hukorogwa ndani ya uji. Kitu kidogo kama kumsagia mzee badala ya kumpa nafaka nzima humwondolea safari ya mashineni na gharama ya kusagisha.

Orodha ya walengwa nayo haitengenezwi na ofisi ya shirika. Mwenyekiti wa mtaa, balozi, baraza la wazee, afisa ustawi wa jamii, msikiti na kanisa kila mmoja anajua sehemu, na orodha zao zikipangwa pamoja majina hukosoana. Anayetajwa na mmoja tu huenda ni shemeji wa mtu. Asiyetajwa na yeyote ndiye wa kutafutwa kwa muuza maji na mwenye duka la jirani. Waingereza walioanza kupeleka chakula kilichopikwa kwa wazee majumbani wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini Hemel Hempstead mwaka 1943, na Wamarekani walioufuata mtindo huo Philadelphia mwaka 1954, waligundua kwamba anayebisha hodi ana kazi kama ya chakula chenyewe. Yeye ndiye anayegundua homa, mguu uliovimba na paa linalovuja. Mpanda kazi hiyo inaweza kufanywa na vikundi vya vikoba na vijana wa bodaboda, mradi mafuta yao yamewekwa kwenye bajeti tangu siku ya mechi.

Hata ukiendeshwa vizuri namna hiyo, mchango wa uwanjani hauwezi kuwa mshahara wa wazee, na mashirika yenye busara huutumia kudai kitu kikubwa zaidi. Shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003 katika Wilaya ya Muleba, Kagera, lilichagua kuwapa wazee wanaolea yatima fedha taslimu kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule, vitu ambavyo fedha hizo zilinunua. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na kiwango kikapandishwa baadaye hadi 50,000. Kenya, kupitia Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi kuanzia umri huo huo, na Uganda hutoa shilingi zake 25,000 kuanzia miaka 80.

Tanzania Bara husaidia kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao huchagua kaya kwa umaskini wake, si kwa umri wa aliyemo. Bibi wa Makanyagio anayeishi katika nyumba ya mwana mwenye pikipiki na bati jipya anaweza kukosa sifa, ingawa sahani yake hupakuliwa mwisho. Ghala la mtaa humfikia kwa sababu jirani amemtaja, na kwa sasa, kwa mtu wa namna hiyo, hakuna njia nyingine iliyo ya karibu zaidi.